Jino la Kupimia Mahindi

Akina mama wa kwaya yetu hapa Kitale bado hunicheka. "Mama Njoki, ati jino moja likusumbue misimu miwili? Jino tu?" Ndiyo, jino tu. Gego la chini, upande wa kulia, la pili kutoka nyuma. Anayecheka na acheke, lake bado halijaamka. Langu lilizibwa, likazibwa tena, likazibwa tena, na kila kizibo kilivunjika, na kila kilipovunjika nilipata mtu wa kulaumu. Sasa maumivu yamekwisha na hasira iliyobaki ni ya kuandikia tu. Wacha niandike basi, angalau mtu mwingine asirudie upuzi wangu.

Kwanza mjue kazi niliyokuwa nafanya. Miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, simu ya mkono ikiwa bado kitu cha kuazimana, mimi ndiye niliyekuwa nikipokea mahindi katika stoo moja ya nafaka hapa mjini. Mkulima akileta gunia, nalitoboa kwa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochota punje kutoka katikati. Nachukua punje moja, naweka kwenye gego, nauma. Ikilia ta!, imekauka, gunia linaingia. Ikibonyea, mahindi yanarudi kwenye turubai yakaanikwe upya. Natema, naenda kwa gunia linalofuata. Gunia moja, punje moja. Wakulima walisimama karibu wakitega sikio, na mlio ukishatoka hakuna aliyebisha. Baba yangu, aliyetoka Nyeri akaja kulima huku Trans-Nzoia, alipima hivyo, na baba yake pia, na mimi sikujua kama duniani kuna njia nyingine. Upande wa kushoto sikuwa na magego, yaling'olewa nikiwa msichana. Kwa hivyo kazi yote ya mdomo wangu, ya nyumbani na ya stoo, ilikuwa ya upande wa kulia.

Shimo lilianza wakati wa palizi. Nikinywa chai, mwiba. Nikinywa maji baridi, mwiba mpaka sikioni. Nikavumilia na karafuu mpaka mahindi yakaanza kukauka shambani, ndipo nikaenda kwa daktari wa meno hapa Kitale. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Ukutani kulikuwa na picha ya msichana anayecheka, meno meupe ambayo mimi sijawahi kuyaona kwa mtu yeyote wa upande huu. Kando yangu mzee mmoja alikuwa akisogea nyuma kila foleni iliposogea mbele. "Tangulia tu, mama," alikuwa akiniambia. "Mimi sina haraka." Ile mashine ya kuchimba ikilia ndani, sisi wote tulitazama viatu vyetu.

Daktari alikuwa kijana mpole, ana haraka. Akauliza, "Mama, unakula vitu vigumu? Mifupa, miwa, njugu?"

"Hapana," nikamwambia, na ilikuwa kweli.

Akaziba na kitu cheupe kama unga wa kukanda. "Hii ni ya muda. Rudi baada ya wiki mbili nikuwekee ya kukaa."

Ya muda! Kwetu hata choo cha muda hukaa miaka kumi. Jino lilikuwa limenyamaza, na wiki mbili zilipoisha uvunaji ulikuwa umeanza, malori yamepangana mpaka barabarani. Nani angeniacha niende kukaa kwenye benchi? Sikurudi. Ule unga ulikaa kidogo tu, siku moja nikatema punje ya mahindi na kipande cheupe pamoja. Nikasema huyo daktari ni mwizi.

Nikarudi kumgombeza. Akaomba radhi, ingawa yeye ndiye aliyekuwa ameniambia nirudi. Safari hii akaniwekea ile ya rangi ya fedha, akaisindilia na kuisugua mpaka taya likachoka. "Hii ni imara, watu hukaa nayo mpaka uzeeni. Lakini inakomaa polepole. Usitafunie upande huu mpaka kesho."

Nilifuata maagizo kama mtoto wa Sunday school. Nikapita stooni, kulikuwa na foleni, nikafanya kazi yangu, nikaenda nyumbani nikanywa uji. Ugali uliokuwa mezani hata sikuugusa. Sikutafuna kitu chochote siku hiyo, na niliapa hivyo baadaye mbele ya watu.

Ile fedha ilipata ufa kabla ya Krismasi. Krismasi yenyewe mbuzi akachinjwa, nami nikakaa pembeni nikinywa supu. Shemeji zangu wanatafuna mbavu, wananiuliza kama nimefunga. Ulimi wangu ulikuwa hautoki kwenye ule ufa, uko hapo tu mchana kutwa, unakwaruza mpaka ukachubuka. Hakuna mahali pa kuufunga ulimi.

Baba Njoki, mume wangu, alikuwa na ushauri mmoja tu. "Dawa ya jino ni kung'oa. Ng'oa yaishe." Yeye amewahi kung'oa manne, na anayataja kama mtu anayetaja mashamba aliyonunua.

"Nikishang'oa nitafanya kazi na nini? Na kucha?"

Kwa sababu yangu nyumba nzima ilikula vitu vya kupondwa. Githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ilisahaulika. Leo mukimo, kesho ndizi za kuponda, kesho kutwa mukimo tena. Jioni moja mume wangu akasukuma sahani. "Mama Njoki, jino ni lako. Mimi yangu bado yapo."

"Yapo mangapi?" nikamuuliza.

Alienda kula kwa dada yake. Siku mbili tulizungumza kupitia kwa binti yetu Njoki. Mwambie mama yako funguo ziko wapi. Mwambie baba yako atafute. Njoki alipochoka akatuambia tuandikiane barua. Leo nacheka, lakini wakati huo nilikuwa mtu mbaya. Maumivu ya jino hayakuui, yanakuharibu tabia tu, na watu hawakupi pole kama ile ya mgonjwa wa malaria. Kazini mtu mmoja tu ndiye aliyenionea huruma, Nekesa, mama wa Bumula aliyekuwa akishona magunia. Kila siku saa nne asubuhi alinimiminia uji wa wimbi kutoka kwa thamosi yake, wa vuguvugu, si wa moto. Sikumwambia apooze. Alijua mwenyewe.

Wakati wa kupanda nikaenda kwa daktari wa pili, hapa hapa Kitale. Huyo alikuwa na kitu cheupe kutoka ng'ambo, akakimulika kwa taa ya buluu kikawa mfupa hapo hapo. "Hata leo jioni unaweza kula," akasema. Akaniuliza lile swali lao la vitu vigumu, nikamjibu lile jibu langu.

Wacha nikwambie, huyo nilimsifu! Mvua zikanyesha, palizi ikapita, mahindi yakabeba, jino kimya. Nikala githeri. Nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda, ati Mungu amenipa daktari. Haikunijia akilini kwamba miezi yote hiyo stoo ilikuwa tupu na sikuwa na gunia la kupima. Uvunaji ulipofika, kona moja ya ule mfupa ikatoka. Ta! Nilidhani ni punje.

Hapo nilikata tamaa. Mimi ni mtu wa kupima ugumu wa vitu, nikajiambia, na hawa watu hawana kitu kigumu. Unga haukumaliza uvunaji, fedha haikufika Krismasi, mfupa wa ng'ambo umeshindwa na mahindi ya hapa tu. Sikurudi kwa mtu. Nikaendelea kuuma kwa kipande kilichobaki.

Jino likajibu kwa usaha. Shavu lilivimba mpaka jicho la kulia likawa linachungulia tu. Mdomo haukufunguka hata kuingiza kijiko. Nikalala nyumbani siku nne na vidonge, na stooni nikamwachia kazi Simiyu, mbeba magunia. Simiyu ana meno ya kufungulia soda, lakini hana sikio. Kila punje kwake ilikuwa inalia. Nilipokuwa nimesahau uvimbe, tukafungua safu ya nyuma ya magunia, na mvuke ukatoka. Ukishika gunia, ni la moto. Punje zimeota ukungu wa kijani. Hayo hata nguruwe hapewi, yakaenda kutupwa yote.

Tajiri wangu, mwenye stoo, hakumfokea Simiyu. Aliniita mimi.

"Mama Njoki, mimi sikukuandika kwa sababu ya sura. Nilikuandika kwa sababu ya meno. Msimu ujao kama meno hayako, niambie mapema nitafute mtu mwingine."

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni bila kuwasha moto. Nikiuma, jino linakufa. Nisipouma, kazi inakufa. Na jino likifa, kazi si imekufa pia? Nilizunguka hapo kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti mpaka kamba ikaisha.

Nekesa ndiye aliyenitoa. "Kuna daktari wa meno kule Bungoma. Ni mama, na ni mkali bana. Huyo hakuachi mpaka ajue."

"Nekesa, nimechoka na madaktari."

"Na wao si wamechoka na wewe? Twende."

Mwaka mpya ulipoingia akanisindikiza, tukapitia Kimilili mpaka Bungoma. Tulingoja kwenye viti vya mbao chini ya redio iliyokuwa ikisoma matangazo ya vifo, jina baada ya jina. Mzee wa Kapsokwony alikuwa amekaa na sweta mbili, zile alizovaa alfajiri kule mlimani, na jasho linamtiririka. Nekesa alimwambia avue moja. Akasema hawezi kuinua mkono, jino limeshuka mpaka begani. Nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe, kumwona aliye chini yangu.

Daktari alikuwa mama wa umri wangu, mikono mifupi yenye nguvu. Nikamsimulia zile dawa zote tatu na kuwatukana walioziweka, akaniuliza kama nakula vitu vigumu. Nikasema hapana. Akachoma sindano ya ganzi, akaanza kuondoa mabaki ya ule mfupa wa ng'ambo, na katikati ya kazi akasimama. Akatoa kitu kwa koleo ndogo, akakiweka kwenye pamba, akakisogeza dirishani.

"Mama, hii ni nini?"

Mdomo wangu umejaa pamba. Nikainua mabega.

"Hii ni ngozi ya punje ya mahindi. Kavu, haijapikwa. Ilikuwa imejibana chini ya dawa." Akanitoa pamba. "Si umeniambia huli vitu vigumu?"

"Sili, daktari. Nauma tu. Natema."

Akaweka vyombo chini. "Unauma nini?"

"Mahindi. Kila gunia, punje moja."

"Magunia mangapi kwa siku?"

"Inategemea lori."

Akamgeukia Nekesa, aliyekuwa amekaa mlangoni na mkoba wangu. Nekesa akatazama dari. Kisha daktari akacheka, akacheka mpaka akashika kiti changu, nami nimelala pale mdomo wazi nikingoja amalize. Alipomaliza hakuwa na kicheko tena.

"Mama, wewe umewekewa dawa mara tatu, zote nzuri. Ile ya kwanza ilikuwa ya wiki mbili, ukaipa kazi ya lori. Ya fedha ilitaka kulala usiku mmoja tu ikomae. Uliilaza?"

"Nilikunywa uji."

"Kabla ya uji?"

Niliiona ile foleni stooni, na mimi natoka kwa daktari na ganzi mdomoni, nauma kwa nguvu zaidi kwa sababu sisikii kitu.

"Hao wenzangu wa Kitale umewatukana bure," akasema.

Nilikasirika, sitadanganya. Nikamwambia hakuna hata mmoja aliyeniuliza nafanya kazi gani, wote ni kula, kula, kula, kana kwamba mtu ana mdomo wa kula tu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo ni kweli," akasema. "Na wewe hukusema. Mficha maradhi, kilio humfichua." Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka. Misimu miwili! Nimenuniana na mume wangu, nimetoa ushuhuda wa uongo kanisani, nimeita mtu mwizi, na punje ilikuwa mdomoni mwangu.

Nilienda Bungoma mara nne, kila Alhamisi. Alhamisi ya kwanza usaha ulitoka na kichwa kikawa chepesi, nikalala kwenye kiti chake kama mtoto. Ya pili akasafisha mizizi, sindano tatu, na harufu ya dawa iliyokaa puani mpaka Jumapili. Ya tatu akaziba na kupima. Ya nne akanivisha jino kofia ya chuma. Wakati huo watu walikuwa wameanza kulima mashamba. Baba Njoki alinisindikiza hiyo ya mwisho, akakaa chini ya redio na kofia yake magotini. Nilipotoka akaniambia nifungue mdomo aone. Akatazama sana. "Imekaa kama sufuria mpya," akasema, na kwetu sisi huo ulikuwa msamaha.

Lakini kabla ya kutoka, daktari alikuwa ameniambia neno. "Hii kofia ni chuma, itavumilia. Jino lililo chini yake si chuma. Ukirudia mahindi, litapasuka mpaka mzizini, na likipasuka hivyo hakuna cha kuziba. Nitaling'oa. Halafu usije kuniomba la bandia, jino la pembe si dawa ya pengo."

"Na kazi yangu?" nikamuuliza, na nikaanza kulia. Si kwa uchungu, maana ganzi ilikuwa bado. Nililia kwa sababu nilikuwa nimepona na bado nimepoteza.

Akanipa kitambaa. "Mama yangu yuko Bumula. Hana jino hata moja tangu mimi niko shule ya msingi. Na hajawahi kuweka mahindi mabichi kwa ghala."

"Anapima na nini?"

"Chupa na chumvi."

Nilidhani ananitania. Akanieleza: chupa ya kioo iliyokauka kabisa, chumvi iliyoanikwa juani, punje chache. Funga, tikisa, weka chini, ngoja. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Ikianguka chini yote, yamekauka. Nekesa nilipomsimulia akasema, "Kwani hukujua hiyo? Hata kwetu wanafanya." Miaka yote hiyo! Ananimiminia uji, ananiona nikiuma na kushika shavu, na hajawahi kusema. "Ulikuwa unajivunia hilo jino," akanijibu. "Ningekuambiaje?"

Uvunaji ukaja. Nikaingia stooni na chupa tatu za soda na mfuko wa chumvi, na walivyocheka! Wakaniita mganga. Tajiri akaniacha niendelee wiki ya kwanza, lakini nilimwona akizunguka nyuma yangu akiuma punje zake mwenyewe kwa siri.

Kisha akaja mkulima mmoja kutoka Cheptais, mwanamume mzima, sauti kubwa, trekta na trela limejaa. Nikatoboa, nikatikisa, nikaweka chupa juu ya mzani. Chumvi ikanata.

"Haijakauka, baba. Urudi uanike."

"Ati nini? Nirudi na trela kwa sababu ya chumvi?" Akageukia watu. "Huyu mama si ndiye alikuwa anauma? Aume! Nikisikia imebonyea, naenda bila neno."

Foleni nzima ikaitikia. Aume, aume. Tajiri akanisogelea. "Mama Njoki, uma moja tu tumalize."

Moja tu. Nilikuwa na punje kiganjani. Ulimi wangu ukaenda wenyewe kwenye ile kofia, ukaipapasa, laini, nzima. Nikaona kazi yangu imesimama pale kwenye foleni pamoja na watu, inangoja.

"Mimi siumi tena," nikasema. "Uma wewe."

Nikamwekea yule mkulima punje mkononi. Hangeweza kukataa mbele ya watu wote. Akaitia mdomoni, akaipeleka upande mmoja, akabadilisha upande, akauma. Watu wakanyamaza wasikie.

Haikulia. Mwenyewe ndiye aliyelia. "Uuui!" Akashika shavu kwa mikono miwili, macho yakajaa machozi, akainama mpaka kofia ikamtoka kichwani. Tajiri alitazama ile chupa, akatazama trela, akaenda kumwambia dereva wa trekta ageuze.

Mtu mmoja akaanza kucheka. Mimi sikucheka. Niliujua huo mkao, nimeinama hivyo misimu miwili. Nikamvutia gunia akae, Nekesa akammiminia uji kwenye kifuniko cha thamosi.

"Ni gani?" nikamuuliza.

Akaonyesha kwa kidole, hawezi kuongea.

"Limeshawahi kuzibwa?"

Akaonyesha vidole viwili. Nikachukua karatasi ya kupokelea mahindi, nikamwandikia nyuma yake njia ya kwenda kwa yule mama wa Bungoma.

"Atakuuliza unakula nini," nikamwambia. "Wewe mwambie unauma nini."